Wanaokatazwa kugoma kwa sababu kazi yao ni muhimu walipwe wakiugua, tena kuanzia siku ya kwanza

Zamu_Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, nawaomba mvumilie. Kwa asiye na muda, ninachosema ni hiki: waajiri wote wenye wafanyakazi wa huduma muhimu walazimishwe kisheria kuwalipa wanapougua. Isiwe hisani ya bosi, wala ahadi iliyoandikwa kwenye kitabu cha sera za kampuni. Iwe lazima, na ianze siku ya kwanza ya ugonjwa.

Kazi yangu ni kupanga zamu za watu wa usafi na dobi hospitalini. Hawajaajiriwa na hospitali, wameletwa na wakala, na mkataba wao unasema siku usiyofanya kazi haina malipo. Hauulizi umekosa kwa nini. Aliyelala kwa ulevi na aliyelala na homa ya nyuzi 39 wanakatwa sawasawa.

Kipindi cha korona getini pakawekwa mtu mwenye kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Aliyezidi kiwango alirudishwa nyumbani. Haikuchukua muda, dada mmoja wa dobi akanidokeza kwamba wenzake wanameza dawa ya kushusha homa nusu saa kabla ya kufika getini. Asubuhi iliyofuata nikaenda kujionea. Walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta, chupa za maji mkononi, mmoja anajifuta jasho la shingoni kwa upindo wa khanga, wanasubiri dawa ishike. Ilipofika saa ya kuingia walinyanyuka mmoja mmoja, wakapimwa, wakapita. Dakika chache baadaye walikuwa wodini wanakusanya mashuka kwenye vitanda vya wagonjwa.

Sikuona mtu mbaya pale. Kurudishwa getini maana yake siku hiyo haipo kwenye mshahara, na inayofuata pia, na zote mpaka homa iondoke. Wana watoto, wana kodi ya nyumba. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "ukiumwa baki nyumbani" halafu usimlipe, umemfundisha kuficha ugonjwa, na atauficha vizuri kwa sababu ana kila sababu ya kufanya hivyo.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1907 jijini New York mpishi aitwaye Mary Mallon aligundulika kubeba vimelea vya homa ya matumbo ingawa mwenyewe haumwi. Akatengwa kisiwani. Mwaka 1910 wakamwachia kwa sharti kwamba asipike tena maisha yake yote. Akaenda kufua nguo, kazi iliyolipa chini ya upishi. Hakuna aliyemfidia pengo lile. Baadaye akabadili jina, akarudi jikoni, na mwaka 1915 akakutwa anapika kwenye hospitali ya wazazi ambako watu 25 walikuwa wameshaambukizwa na 2 wamekufa. Wakamrudisha kisiwani, akakaa huko mpaka kifo chake mwaka 1938. Wengi wanamkumbuka kwa ukaidi wake. Mimi kila nikisoma habari zake naona pia mamlaka iliyomnyang'anya mtu riziki kwa ajili ya afya ya wote, kisha ikamwachia yeye peke yake gharama.

Sasa nije kwenye kiini chenyewe. Sheria za kazi za nchi nyingi zina orodha ya huduma muhimu: maji, umeme, hospitali, zimamoto, waongoza ndege. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linazitambua kuwa ni zile ambazo zikikatika zinahatarisha uhai, usalama au afya ya watu wote au sehemu yao. Ukiwa ndani ya orodha, haki yako ya kugoma inabanwa au inaondolewa kabisa. Sina ugomvi na hilo. Wodi ya wagonjwa mahututi haiwezi kufungwa kwa mgomo. Lakini ILO hiyo hiyo inasema anayenyimwa silaha hiyo lazima apewe kinga mbadala, kwa mfano usuluhishi wa haki na wa haraka. Yaani ukimfunga mtu mikono kwa faida ya wote, wote wanadaiwa kitu kwake.

Deni hilo halilipwi. Angalieni reli za mizigo Marekani mwaka 2022. Wafanyakazi wapata 115,000 katika vyama 12 walikuwa kwenye mazungumzo ya mkataba mpya. Madereva na mafundi wengi hawakuwa na siku za ugonjwa zenye malipo kwa maradhi ya muda mfupi. Ukiamka na kuhara, unapanda treni au unapoteza ujira, na kwenye baadhi ya makampuni unapoteza na alama za mahudhurio. Mkataba uliopendekezwa ulikuwa na nyongeza ya mshahara ya asilimia 24 ndani ya miaka 5, na siku 1 tu ya ziada ya mapumziko binafsi. Vyama 4 vikaukataa. Suala halikuwa pesa tena, lilikuwa siku za kuumwa. Bunge la nchi ile likaingilia kati, kwa hoja kwamba reli ikisimama uchumi unasimama, likaulazimisha mkataba ule ule juu ya vyama vyote, na tarehe 2 Desemba 2022 Rais Biden akatia saini. Pendekezo la kuongeza siku 7 za ugonjwa lilipita Baraza la Wawakilishi, likafika Seneti likapata kura 52 dhidi ya 43. Zilihitajika 60. Likafa.

Someni tena taratibu. Siku mbili tatu zilitosha kutunga sheria ya kuwazuia wasigome kwa sababu kazi yao haiwezi kukosekana. Sheria ya kuwalipa wakiugua ikashindikana.

Na miaka miwili nyuma yake, Machi 2020, nchi ile ile ilipitisha sheria ya dharura ya korona iliyowapa wafanyakazi hadi saa 80 za likizo ya ugonjwa yenye malipo, mwajiri akirudishiwa fedha zake kupitia kodi. Hatua nzuri kabisa. Ila makampuni yenye watu 500 na zaidi hayakuguswa, na mwajiri wa watoa huduma za afya na wa vikosi vya dharura aliruhusiwa kuwaacha nje watu wake. Yaani muuguzi na mtu wa gari la wagonjwa, ambao ndio wako uso kwa uso na maradhi, ndio ambao mwajiri alipewa mlango wa kuwakwepa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hawa tunawahitaji kazini.

Hapo ndipo penye kosa la fikra ninalotaka tulijadili. Kwamba kazi ni muhimu ndiyo inafanywa sababu ya kumnyima mtu kupumzika, wakati mgonjwa ndani ya kazi muhimu ndiye wa hatari kuliko wote. Karani wa kawaida akija na mafua ataambukiza meza ya jirani. Mtu wa jikoni hospitalini akija na tumbo la kuharisha, hesabuni wenyewe.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa wenye mawazo tofauti.

Nesi_wa_Usiku

Mkuu Zamu_Tatu, ubarikiwe kwa uzi huu. Niko wodini miaka mingi na naongeza jambo ambalo wasio wa kada hii hawalioni.

Sisi tulioajiriwa moja kwa moja likizo ya ugonjwa tunayo. Ipo kwenye karatasi na inalipwa. Na bado tunakuja tukiwa wagonjwa. Kwa nini? Kwa sababu zamu ya usiku tumepangwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya thelathini. Nikipiga simu kusema siwezi, hakuna wa kunishikia. Mwenzangu atabaki peke yake mpaka asubuhi, atoe dawa peke yake, ageuze wagonjwa peke yake, na mmoja akizidiwa aache wengine wote. Nitalala vipi? Kwa hiyo naweka barakoa mbili, naenda.

Malipo ni lazima, nakuunga mkono. Ila sheria isiyomlazimisha mwajiri kuwa na watu wa akiba inahamisha tu mzigo kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mwenzake. Kuna wakati nimemchukia mwenzangu kwa kuumwa, na huo si utu niliokuja nao kwenye kazi hii.

Hesabu_Kwanza

Uzi una uzito na sipingi ubinadamu wake. Nipinge kidogo kwenye hesabu.

Norway mfanyakazi analipwa mshahara kamili kuanzia siku ya kwanza. Siku 16 za mwanzo anabeba mwajiri, baada ya hapo serikali, mpaka mwaka mzima. Norway hiyo hiyo ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye siku nyingi kabisa za watu kukosa kazi kwa ugonjwa. Ujerumani mwaka 1996 waliruhusu malipo ya ugonjwa yashuke kutoka asilimia 100 ya mshahara hadi 80. Siku za kuumwa zikapungua. Mwaka 1999 serikali mpya ikarudisha 100.

Binadamu anafuata maslahi. Ukilipa kuumwa, watu wataumwa zaidi. Ndiyo maana wengine wakaweka siku za kusubiri: Uingereza kwa miaka mingi malipo ya kisheria yalianza siku ya nne, na Sweden tangu 1993 siku ya kwanza ilikuwa ya mfanyakazi mwenyewe, na sasa ni makato yanayokaribia hiyo siku. Hao si watu wasiojali wafanyakazi. Wamejifunza kwamba siku ya kwanza ndiyo ya uongo.

Zamu_Tatu

Ndugu Hesabu_Kwanza, hoja zako ni za kweli na nimefurahi umezileta. Udanganyifu upo. Ninao watu ambao ugonjwa wao unajua kalenda ya wikiendi.

Lakini hesabu yako ina upande mmoja. Siku za kuumwa zikipungua baada ya kukata malipo, zimepungua za nani? Za mzembe, au za mwenye homa aliyeamua kujikaza? Daftari la mahudhurio halijui. Wote wawili limeandika "yupo". Wale watu wa dobi waliopita getini na dawa tumboni walihesabiwa wapo, na ripoti ya mwezi ule ilisifia mahudhurio.

Kuhusu siku za kusubiri, huo mfano wa Uingereza na Sweden umeishia njiani. Mwaka 2020 korona ilipoingia, nchi zote mbili zilisimamisha utaratibu huo kwa muda, watu wakalipwa tangu mwanzo. Walielewa haraka kwamba ukiwa na ugonjwa wa kuambukiza, siku za mwanzo ndizo unazotaka mtu awe nyumbani kuliko siku nyingine yoyote. Mafua, tumbo, korona, vyote vinaenea sana mtu anapoanza tu kujisikia vibaya. Kumwambia alipwe kuanzia siku ya nne ni kumtaka aje kazini zile tatu zenye hatari.

Na mifano ya upande wa pili ipo. San Francisco wapiga kura walipitisha sheria Novemba 2006, ikaanza 2007: kila saa 30 za kazi unajipatia saa 1 ya ugonjwa yenye malipo, mpaka kikomo cha siku 5 kwa biashara ndogo na 9 kwa kubwa. Uchunguzi uliofanyika miaka michache baadaye ulikuta mfanyakazi wa kawaida alitumia siku 3 kwa mwaka, na robo yao hawakutumia hata moja. Watu walizitunza kama akiba, kwa sababu walijua siku mtoto akiugua au wao wakizidiwa zitahitajika. Waajiri 6 kati ya 7 walisema faida yao haikuguswa.

Kingine. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti mwaka 2023 juu ya milipuko ya maradhi kwenye sehemu za kuuza chakula kati ya 2017 na 2019. Katika ile ambayo vyanzo vyake vilijulikana, karibu asilimia 40 ilihusisha mfanyakazi mgonjwa. Na ile sheria ya dharura ya 2020 niliyoilalamikia kwa matundu yake, pamoja na matundu hayo, watafiti walikadiria kwamba kwenye majimbo ambako watu walipata haki hiyo kwa mara ya kwanza ilizuia maambukizi yapatayo 400 kwa siku kwa kila jimbo. Weka hayo kwenye mizani yako pamoja na siku za mzembe.

Hesabu_Kwanza

Nimekuelewa kwenye maradhi ya kuambukiza. Mgongo na msongo wa mawazo je? Hapo hakuna wa kumwambukiza, na ndipo siku nyingi zinapopotea.

Nesi_wa_Usiku

Kaka, mgongo wa mtu anayebeba wagonjwa usiku kucha hauambukizi, sawa. Lakini siku atakapomwangusha mgonjwa kwa sababu mgongo umekataa, hiyo hasara utaiandika kwenye safu gani?

Mwajiri_Mdogo

Naomba nami nisikike bila kutukanwa.

Nina watu 6. Tunapeleka mitungi ya oksijeni na vifaa kwenye vituo vya afya, kwa hiyo nadhani na sisi tumo kwenye hao muhimu. Dereva wangu mmoja akiugua wiki mbili, mitungi haisubiri. Nalazimika kumtafuta deiwaka, yaani kibarua wa siku, na deiwaka wa ghafla anadai zaidi. Nikimlipa mgonjwa na nikamlipa wa kushika nafasi, safari moja nimeilipia mara mbili na zaidi, na vituo vyenyewe vinanilipa baada ya miezi. Kampuni ya watu elfu moja inaweza kumeza hilo. Mimi likitokea mara mbili kwa mwaka, nafunga, na hao wengine watano wanakosa kazi.

Mara zote nimewalipa wakiumwa, siku kadhaa, kadiri nilivyoweza. Ninachokiogopa ni hilo neno "lazima".

Sheria_Mkononi

Ndugu Mwajiri_Mdogo umegusa mahali ambapo sheria nyingi zimekosea, na sidhani kama kuna wa kukutukana.

Kwanza niseme kwamba "lazima" ipo tayari sehemu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 7 kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kama kima cha chini. Afrika Kusini, sheria ya 1997 inatoa ndani ya miezi 36 siku sawa na zile ambazo mtu angefanya kazi kwa wiki 6. Ireland ilikuwa haina kabisa, ikaanza na siku 3 mwaka 2023, ikafika 5 mwaka 2024.

Tatizo liko kwenye nani anaingia na kwa masharti gani. Kenya uwe umetumikia miezi 2 mfululizo. Tanzania chini ya miezi 6 ya utumishi, kwa kawaida haki ya likizo haijakufikia. Sasa chukua watu wa Zamu_Tatu, ambao wakala anawapa mikataba mifupi mifupi. Kwenye karatasi sheria nzuri ipo, na mtu anaweza kuumwa bila kuifikia.

Halafu cheti. Tanzania mwajiri halazimiki kulipa kama hujaleta cheti cha daktari. Afrika Kusini wamefikiri vizuri zaidi hapa: mwajiri anaweza kudai cheti ukikosa zaidi ya siku 2 mfululizo, au ukikosa zaidi ya mara mbili ndani ya wiki 8. Hiyo inambana mzembe wa wikiendi anayemsumbua Hesabu_Kwanza, na haimlazimishi mwenye mafua kwenda kukaa foleni ya kliniki katikati ya wajawazito na watoto kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Sasa kwako mwajiri. Nchi iliyokosea kwa kukubebesha peke yako ni Uholanzi. Kule mwajiri analipa angalau asilimia 70 ya mshahara mpaka miaka 2. Matokeo yake waajiri wadogo wananunua bima ili walale usingizi, na wengi wanasita kumpa mtu ajira ya kudumu. Ujerumani wamegawana: wiki 6 za mwanzo ni mwajiri, mshahara kamili, kisha mfuko wa bima ya afya unapokea. Na huo mfuko ni mzee, unatokana na sheria ya 1883 ya Bismarck, kansela wa Ujerumani wakati ule, ambayo wafanyakazi walichangia theluthi mbili na waajiri theluthi moja. Mkataba wa ILO namba 102 wa 1952 nao ulijengwa juu ya wazo hilo: fao la ugonjwa la angalau asilimia 45 ya mshahara, hadi wiki 26, likitoka kwenye mfumo wa hifadhi ya jamii. Kwa biashara ya watu 6, mwajiri abebe siku chache za mwanzo tu, zinazobaki zitoke kwenye mfuko.

Dereva_Mizigo

Wakuu hamjagusa posho ya mahudhurio, na huku kwetu ndiyo inayotuua.

Kampuni niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inalipa ukiumwa, sisemi uongo, ukileta ED ya daktari, ile karatasi ya kukuruhusu usiende kazini, unalipwa siku zako. Ila kulikuwa na posho ya mwezi kwa asiyekosa zamu hata moja. Ukikosa moja, hata kwa cheti, posho yote imeondoka. Na posho ile ndiyo ilikuwa inalipa ada za watoto. Kwa hiyo kwenye karatasi nalipwa nikiugua, mfukoni naadhibiwa. Nimeendesha lori usiku nikiwa na malaria, nimefungua dirisha upepo unipige usoni nisisinzie. Barabara hiyo walikuwemo watu na familia zao kwenye magari madogo. Nikiikumbuka safari ile mwili unasisimka.

Sheria ikija iseme na hilo. La sivyo watatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine.

Zamu_Tatu

Dereva_Mizigo, asante sana na pole. Umenikumbusha kwamba mwaka 2020 baadhi ya viwanda vya nyama Marekani viliahidi bonasi kwa asiyekosa zamu, wakati korona inawapitia wafanyakazi mstari kwa mstari, na mwishoni mwa Aprili Rais Trump akatoa amri ya kuvitaka viendelee na kazi kama miundombinu muhimu. Ni kile kile unachosema. Posho inayopotea kwa siku moja ya ugonjwa ni faini, hata ikipewa jina zuri.

Ndugu Mwajiri_Mdogo, nimesoma ulichoandika zaidi ya mara moja. Hofu yako ni halali na nadhani adui wako si mfanyakazi mgonjwa. Adui ni mshindani wako anayepeleka mitungi hiyo hiyo kwa bei ya chini kwa sababu yeye halipi mtu akiugua. Wewe mwenye utu ndiye unayeumia sokoni. Ikiwa lazima kwa wote, bei yake inaingia kwenye bei ya kila mtu, na vituo vya afya vinalazimika kuilipa. Ndiyo maana nasisitiza sheria, na ndiyo maana hiari haitoshi.

Kuhusu mfuko, kuna jaribio nalipenda la jimbo la Victoria, Australia. Kule mwenye ajira ya kudumu ana siku 10 kwa mwaka kisheria, lakini vibarua hawana. Mwaka 2022 serikali ya jimbo ikaanza majaribio: wafanyakazi wa usafi, walinzi, wa maduka makubwa ya vyakula, wa kutunza wazee na wengine wa aina hiyo, walioajiriwa kibarua, wakalipwa na serikali hadi saa 38 kwa mwaka kwa kima cha chini cha mshahara, wakiugua wao au wanayemtunza. Mwajiri hakuguswa mfukoni. Majaribio yaliisha 2023 bila kufanywa sheria ya kudumu, na hilo linanisikitisha, lakini walau yameonyesha kwamba hata mtu mwenye waajiri watatu kwa wiki anaweza kusajiliwa na kulipwa.

Mwajiri_Mdogo

Kama ni kwa wote na kama zaidi ya siku chache kuna mfuko, mimi sina pingamizi. Siku 3 kwa kila tukio naweza. Tano naweza kwa shida. Sheria ikipitishwa bila mfuko, nitakuwa wa kwanza kuipinga, na naomba msinione adui.

Nesi_wa_Usiku

Hakuna anayekuona adui. Ila niwakumbushe tena watu wa akiba. Mfuko huohuo ulipe na anayeshika zamu, au angalau uchangie. Bila hivyo tutalipwa na bado tutakuja tukiwa wagonjwa.

Zamu_Tatu

Dada Nesi, nakubali, na sikuliweka kwenye uzi wa mwanzo. Linastahili kuwemo.

Wakuu, mkataba wa wakala wetu na hospitali unakaribia kuisha, na nimepewa nafasi ya kuleta mapendekezo. Nimeandika kifungu hiki, mkikosoe:

"Mfanyakazi atakayeshindwa kufika zamu kwa sababu ya ugonjwa atalipwa ujira kamili wa zamu hiyo kuanzia siku ya kwanza. Cheti cha daktari kitadaiwa pale tu ugonjwa utakapozidi siku 2 mfululizo. Posho yoyote ya mahudhurio haitakatwa kwa sababu ya siku hizo."

Sheria_Mkononi

Kifungu ni kizuri, lakini umekiweka mahali pasipofaa. Kikikaa kwenye mkataba wa wakala na wafanyakazi peke yake, wakala huyu atakuwa ghali kuliko wenzake na zabuni ijayo ataikosa. Kipeleke hospitali kiwekwe kwenye masharti ya zabuni yenyewe, ili kila wakala anayeomba apige hesabu zake akiwa ameshaingiza siku za ugonjwa. Na ongeza sentensi mbili. Moja: "Muda wa utumishi utahesabiwa kwa jumla hata kama mikataba ni mifupi inayofuatana." Bila hiyo watakuja na kisingizio cha miezi 6. Nyingine: "Mfanyakazi hatapunguziwa zamu wala kuachwa kwenye mkataba unaofuata kwa sababu ya kutumia siku hizi." Hapo ndipo wanapoadhibiwa kimya kimya, jina halirudi kwenye ratiba na hakuna anayeeleza kwa nini. Wewe ndiye unayepanga ratiba, kwa hiyo utakuwa wa kwanza kuona.

Zamu_Tatu

Nimeziingiza zote mbili, pamoja na kipengele cha dada Nesi cha watu wa akiba kwa kila zamu. Napeleka kwa afisa manunuzi Jumatatu. Nitarudi kwenye uzi huu na jibu lake.